Filta za 2013 na za 2024: naweza kusema asidi za hewani zimeongezeka?

FundiFilta (Tanga, bara)

Habari zenu wana jukwaa. Nasoma humu muda mrefu bila kuandika, ila leo nina jambo la kazini limenikaa rohoni na kule kazini sina wa kumuuliza.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara, mji mdogo chini ya Usambara. Mwaka 2013 na 2014 kila Jumatatu asubuhi nilikuwa napanda ngazi mpaka juu ya paa kubadilisha filta ya mashine ya kuvuta hewa. Filta yenyewe ni ya nyuzi za kwatzi, sentimita 20 kwa 25, nyeupe pee, na ukiishika vibaya inameguka kingo. Mashine inavuta kama mita moja ya ujazo kwa dakika, kwa hiyo ikikaa wiki nzima imepitisha zaidi ya mita za ujazo 10,000. Masika naitoa ina rangi ya chai ya maziwa. Mwezi wa tisa, watu wakisafisha mashamba kwa moto na nyasi za mlimani zinawaka usiku kucha, naitoa nyeusi kama kitako cha sufuria, na ukifungua kifuniko harufu ya moshi inakupiga usoni. Naikunja katikati vumbi likiwa ndani, naifunga kwenye foili, naandika tarehe, naiweka kwenye friza.

Mradi uliisha, mashine ikazimwa. Filta 41 zikabaki kwenye friza.

Juni 2024 tulipata pesa kidogo, mashine ikawashwa tena, paa lile lile. Hadi mwisho wa Desemba nilikuwa na filta 30 mpya. Tuna chombo cha kromatografia ya ioni, kile kinachotenganisha na kupima chumvi zilizoyeyuka kwenye maji, ni cha siku nyingi lakini kinafanya kazi. Nikakata vipande vya filta za zamani na mpya, nikaviloweka kwenye maji safi ya maabara, nikachuja, nikapima oksaleti, yaani asidi ya oksaliki ikiwa imeyeyuka kama chumvi, moja ya asidi za kikaboni. Mpya ziko juu kuliko za zamani, tena si kwa kidogo.

Mkubwa wangu ameona, amefurahi. Anataka grafu ya nguzo mbili, 2013 na 2024, na juu yake iandikwe kwamba asidi za kikaboni kwenye hewa yetu zimeongezeka. Ripoti inatakiwa mwisho wa mwezi huu.

Mimi moyo unasita. Mwaka 2019 umeme ulikatika siku nne mfululizo, anayeshughulika na jenereta hakuambiwa, na nilipofungua friza nilikuta maji yamejaa chini, foili nyingine zimelowa. Halafu zamani mashine ilikuwa na kichwa cha kuzuia chembe kubwa, tukikusanya zile za chini ya mikromita 10 tu. Kichwa hicho kimepotea, sasa tunakusanya vumbi lote. Na mahali penyewe pamebadilika: 2013 nyuma ya jengo kulikuwa na mkonge na mahindi, leo kuna barabara ya lami, kijiwe cha bodaboda na matanuri mawili ya matofali.

Naomba mnielekeze. Naweza kusema hewa imebadilika? Kama siwezi, hao wanaopima asidi hizi kwa miaka kumi na zaidi wanafanyaje hadi wanaaminika? Sitaki kuweka jina langu chini ya grafu ambayo mwenyewe siiamini, lakini pia sitaki filta zile 41 zitupwe. Kila moja nimeipandia ngazi kwa miguu yangu.

Mwalimu_wa_Kemia (Bagamoyo)

Dada FundiFilta, pole na kazi. Sina jibu, nina swali linalofuatana na lako.

Asidi ya oksaliki naijua darasani. Kila mwaka vijana wangu wa kidato cha sita wanaipima kwa pamanganeti ya potasiamu. Wanapasha moto hadi nyuzi 60 au 70, wanadondoshea tone kwa tone, zambarau inapotea, mpaka tone moja linakataa kupotea. Najua pia iko kwenye mchicha. Lakini ni kitu kigumu, ni fuwele, iko kwenye chupa rafuni. Inafikaje juu ya paa lako? Nani anairusha?

Nauliza kwa dhati, maana nikipata maelezo mazuri nitayapeleka darasani wiki ijayo.

ChembeNdogo (Dar es Salaam)

Mwalimu, dada, salaam. Niliishi Japani miaka mitano nikifanya kazi hii hii ya asidi za kwenye chembe za hewani, kwa hiyo mnivumilie, nitaandika kwa urefu.

Mwalimu, kidogo inatoka moja kwa moja kwenye moshi, lakini sehemu kubwa hairushwi na mtu. Inazaliwa huko huko juu. Miti inatoa gesi iitwayo isoprini, jua likiwa kali ndiyo inatoka zaidi. Magari na moto wa kuni vinatoa gesi zao. Gesi hizi zikikutana na jua na oksijeni zinavunjwavunjwa, na moja ya vipande vinavyobaki ni glioksali, ambayo inapenda maji. Inazama ndani ya tone la wingu, mle inageuka kuwa asidi ya glioksiliki, na kutoka hapo inakuwa oksaliki. Wingu likikauka bila kunyesha, maji yanaondoka na asidi inabaki kwenye chembe, mara nyingi imeshikana na amonia, au na kalisi ya vumbi ikawa chumvi ngumu. Kwa hiyo waambie vijana kwamba wingu ni chombo cha kupikia. Kila wingu wanaloliona juu ya bahari linaingiza gesi na kutoa asidi.

Haiko peke yake. Iko jamii nzima ya asidi zenye vichwa viwili vya asidi, zinatofautiana kwa idadi ya kaboni: oksaliki ina mbili, maloniki tatu, suksiniki nne, zinaendelea hivyo hadi azelaiki yenye tisa, ambayo mzizi wake ni mafuta ya mimea na ya viumbe wa baharini. Ukizipima zote unapata ukoo mzima, na ukoo unasema mengi kuliko mtoto mmoja. Uwiano wa maloniki kwa suksiniki kwenye moshi wa magari ni kama 0.35, kwa sababu maloniki haivumilii joto la injini. Kwenye hewa ya katikati ya Bahari ya Pasifiki, iliyokaa juani siku nyingi, wastani uliopatikana ni 3.9. Namba moja tu, na inakuambia hewa hii imetoka barabarani sasa hivi au imesafiri.

Sasa dada, kuhusu wanaopima miaka mingi. Mfano ninaoujua vizuri ni kisiwa cha Chichijima, kama kilomita 1,000 kusini ya Tokyo. Hakina uwanja wa ndege, unakwenda kwa meli, safari ya kama saa 24. Profesa Kimitaka Kawamura na watu wake waliweka pale mashine kama yako na kukusanya vumbi lote, mwanzoni mwaka 1990 hadi 1993, kisha mfululizo kuanzia 2001 hadi 2013. Kwa nini kisiwa cha mbali vile? Kwa sababu pale hakuna viwanda. Kipupwe cha kwao na majira ya kuchipua, upepo wa magharibi unaleta hewa ya China na jirani zake. Majira ya joto upepo unageuka, unatoka Pasifiki, safi. Asidi karibu zote zinapanda wakati ule wa upepo wa magharibi na kushuka majira ya joto. Azelaiki peke yake inakwenda kinyume, kilele chake ni majira ya joto hadi vuli yao. Na katika miaka ile 13 jumla ya asidi hizo kwa mwaka ilipanda.

Walichofanya hadi wakaaminika ni kazi ya mikono, ile ile kila mara. Filta kabla ya kutumika inachomwa tanurini nyuzi 450 kwa saa kadhaa, ili kila kitu cha kikaboni kilichoko juu yake kiungue. Ikitoka inakaa kwenye chupa ya kioo, si plastiki, ndani ya friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Kila baada ya muda unapanda na filta tupu, unaiweka kwenye mashine bila kuwasha, unaitoa. Hiyo ndiyo blanki yako, na kilichomo unakitoa kwenye hesabu. Maabara unaloweka kwenye maji safi, unakausha hadi karibu yaishe, unatia boroni traifloridi ya asilimia 14 ndani ya butanoli, unapasha nyuzi 100 kwa saa moja. Asidi ambayo isingekubali kuruka inageuka esta, sasa inaruka, unaipitisha kwenye kromatografia ya gesi. Mimi siku za kwanza nilisahau kuchoma foili. Filta nilizichoma, foili sikuichoma. Blanki zangu zikaja zimejaa, wiki mbili za kazi nikazimwaga, na nililia. Tangu siku hiyo sijawahi kuamini namba bila kuuliza blanki yake.

Nije kwenye maswali yako.

Friza ndilo linaloniumiza. Zilizolowa, ziweke pembeni na useme wazi umeziweka pembeni. Kwa zile zilizoyeyuka barafu lakini foili ni kavu, kuna namna ya kuzihoji. Umetumia kromatografia ya ioni, kwa hiyo salfeti, chumvi inayotokana na gesi ya salfa, unayo kwenye karatasi ile ile ya majibu. Salfeti hailiwi na wadudu hao wala hairuki. Chukua iliyolowa na kavu za wiki zinazofuatana. Kama salfeti na oksaleti zimeshuka pamoja, maji yamezibeba. Kama salfeti ipo na oksaleti peke yake imepungua, bakteria wamekula siku zile nne, na hapo hata zile kavu uzitilie shaka.

Kichwa cha mashine nacho si jambo dogo kwa mahali penye vumbi jekundu kama kwenu. Oksaleti nyingi huwa kwenye chembe ndogo, hiyo ni kweli, lakini pale penye vumbi lenye kalisi sehemu yake inashikana na chembe kubwa. Angalia kalisi kwenye filta mpya. Kama kalisi na oksaleti zinapanda pamoja, basi sehemu ya ongezeko lako ni kile kichwa kilichopotea.

Kuhusu barabara, kapime maloniki na suksiniki. Uwiano ukiwa chini sana, unapima kijiwe cha bodaboda.

Na kitu cha mwisho. Usijione uko peke yako huko. Stelyus Mkoma wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na huyo huyo Kawamura walichapisha mwaka 2013 vipimo vya asidi hizi kutoka Morogoro, vilivyokusanywa mwaka 2011 masika na kiangazi. Oksaliki ndiyo ilikuwa ya kwanza kwa wingi, kama kwingineko duniani. Lakini ile ni picha ya mwaka mmoja. Ukiweka filta zako kando yake, unaanza kupata uzi.

FundiFilta (Tanga, bara)

Kaka ChembeNdogo, Mungu akubariki. Nimesoma mara tatu, nimetoa nakala nimebandika ukutani.

Nimekwenda kwenye friza. Kati ya 41, zenye alama ya maji kwenye foili ni 11. Alama inaonekana, wino wa tarehe umesambaa kama doa la buluu. Salfeti nitaiangalia kesho, ipo kwenye faili.

Jambo moja la kuungama. Filta za zamani zilichomwa, nilizichoma mwenyewe. Za 2024 zilikuja kwenye boksi limefungwa vizuri, nikaambiwa ziko tayari. Sikuzichoma. Blanki ninazo mbili tu na sijazipima.

Upepo_wa_Kusi (Nairobi)

Dadangu, pole sana, na hongera kwa kuwa na moyo wa kusita. Mimi si mtu wa kemia, mimi ni mtu wa hali ya hewa, nashughulika na pepo na mvua. Nimesoma uzi wote na kuna kitu kimoja hakuna aliyekugusia, na naona ni kikubwa kuliko friza na kuliko kichwa cha mashine.

Filta zako ziliwekwa mwezi gani?

Umesema mpya ni Juni hadi Desemba 2024. Kwa hiyo ndani yake hakuna masika hata wiki moja, lakini msimu wote wa moto umo. Za zamani hujasema. ChembeNdogo ametueleza kisiwa kile kinapanda na kushuka kila mwaka kwa sababu ya upepo. Fikiria mtu angechukua majira ya joto ya 2001, hewa safi ya bahari, akalinganisha na kipupwe cha 2013, hewa iliyotoka bara. Angetangaza ongezeko la kutisha, na kumbe amepima kugeuka kwa upepo.

Kwetu pwani upepo unageuka vile vile, babu zetu walisafiri kwa kuutegemea. Kaskazi kuanzia Desemba hivi hadi Machi, halafu kusi. Mwezi wa nane na wa tisa moto unawaka kusini yenu kote, Msumbiji na kusini mwa Tanzania, na kusi inapitia upande huo kabla ya kukufikia. Filta yako ya Septemba si ya mlima wako peke yake. Masika mvua inaosha hewa kila siku, chembe zinashuka na maji. Kati ya misimu hii miwili oksaleti inaweza kutofautiana sana bila chochote kuwa kimebadilika kwa miaka.

Tafadhali kaa chini uhesabu filta kwa mwezi, za zamani upande huu na mpya upande huu, kabla hujafanya kitu kingine chochote. Na ukilinganisha, linganisha Septemba na Septemba. Miaka miwili tu haikupi mwelekeo, inakupa nukta mbili, na mstari unapita kwenye nukta zozote mbili. Hata kwa miaka 13 watu wanaondoa kwanza msimu, ndipo wanauliza kama kilichobaki kinapanda.

FundiFilta (Tanga, bara)

Kaka Upepo, nimehesabu. Nilichukua daftari la 2013, lina madoa ya mvua, nikaketi nalo sakafuni.

Za zamani: Machi hadi Mei, miaka yote miwili, filta 22. Juni na Julai 9. Agosti hadi Oktoba 5. Novemba na Desemba 3. Januari na Februari 2. Jumla 41.

Mpya: Juni na Julai 9, Agosti hadi Oktoba 13, Novemba na Desemba 8. Jumla 30.

Mikono ilitetemeka. Zaidi ya nusu ya nguzo ya kwanza ya grafu ni masika, na nguzo ya pili haina masika kabisa. Mkubwa wangu alikuwa anaenda kutangaza kwamba kiangazi kina moshi kuliko masika.

Kwa nini za Agosti hadi Oktoba ni tano tu, nimekuta nimeandika mwenyewe. Brashi za kaboni za mota zilikwisha. Mota ya mashine hii ina vipande viwili vya kaboni vinavyosugua, vikiisha mota inalia kama nyuki halafu inakufa. Tuliagiza, vikachelewa miezi mingi. Mwaka 2014 vikaisha tena majira yale yale, maana moshi na vumbi vinaifanya mota ihangaike zaidi. Kumbe mashine ilikuwa inaugua hasa wakati hewa ilipokuwa na la kusema. Sikuwahi kuona hilo miaka yote kumi, mpaka nilipopanga filta kwa mwezi.

Halafu nikatazama zile tano. Mbili zina doa la wino.

Kwa hiyo kulinganisha kwangu kote kwa msimu wa moto kunasimama juu ya filta tatu. Nimezipanga na zile 13 mpya. Zinaingia katikati yao. Moja iko juu ya nyingi za 2024, mbili ziko chini kidogo ya katikati. Ule umbali uliomfurahisha mkubwa wangu haupo.

Salfeti nayo nimeiangalia. Kwenye zilizolowa imeshuka pamoja na oksaleti. Maji yamezibeba. Kavu zinaonekana salama, au angalau sijaona kitu cha kuzishtaki.

Na blanki mbili za 2024 nimepima. Zina oksaleti kidogo, lakini zinayo. Nitaitoa kwenye zote 30.

ChembeNdogo (Dar es Salaam)

Dada, ulichofanya siku mbili hizi ndiyo sayansi yenyewe, na nakuambia nimesimama.

Upepo, asante. Nimeandika maneno yote yale na miezi sikuiuliza.

Naongeza jambo moja kwa sababu ya ripoti. Mkubwa wako anaweza kusema basi hakuna habari. Ipo. Mwaka 2024, mwezi Mei, nchi yetu imezindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Kama mkaa na kuni vitapungua kweli, moshi wa majikoni utapungua, na asidi zinazotokana na moshi zitabadilika. Lakini si lazima oksaliki ishuke sambamba, kwa sababu miti itaendelea kutoa isoprini na magari yataongezeka. China ilianza kupunguza gesi ya salfa baada ya 2006 hivi, na kule Chichijima jumla ya asidi hizi haikushuka nayo, ingawa salfeti na oksaliki zinapikwa kwenye mawingu yale yale. Kila moja ina malighafi yake. Kwa hiyo ili mwaka 2034 mtu aweze kusema chochote kuhusu hewa ya Tanga, lazima awepo aliyeanza kupima sasa, na aliyepima bila kubadilisha mkono.

Fanya hivi: kila filta kata nusu, nusu pima, nusu uifunge uiache. Mbinu za miaka kumi ijayo zitakuwa bora kuliko za leo. Na potasiamu iandike kila mara, ndiyo alama ya haraka ya moshi wa mimea.

Mwalimu_wa_Kemia (Bagamoyo)

Nimepeleka habari ya wingu darasani. Walikaa kimya, halafu kijana mmoja akauliza: kama jua linatengeneza asidi hii, mbona haijazi anga tangu zamani? Nikakosa la kumwambia. Inaishia wapi?

ChembeNdogo (Dar es Salaam)

Mwambie ameuliza swali la mtu mzima. Nyingi inanyeshewa, inarudi ardhini na mvua baada ya siku chache. Nyingine inauawa na jua hilo hilo. Vumbi jekundu lina chuma, chuma kinashikana na oksaleti ndani ya tone, na ushikamano huo ukipigwa na mwanga unavunjika, asidi inaishia kuwa hewa ukaa. Ndiyo maana tukisema asidi imepanda lazima tuulize mambo mawili, kama inazaliwa zaidi au inakufa kidogo.

FundiFilta (Tanga, bara)

Narudi kuwapa taarifa, maana mmenibeba.

Jana nilikwenda kwa mkubwa wangu na daftari, si na grafu. Nilimwekea meza nzima vipande vya karatasi, kimoja kwa kila filta, vimepangwa kwa mwezi, za zamani juu na mpya chini. Nikamwacha aangalie mwenyewe. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaweka kidole kwenye pengo la Agosti hadi Oktoba 2013 akauliza, hapa kulikuwa na nini? Nikamwambia brashi za mota. Akauliza ni bei gani. Nikamwambia. Akasema ripoti iandikwe hivyo hivyo, kwamba hatuwezi bado kusema, na iombwe akiba ya brashi za miaka mitatu na kichwa cha mikromita 10.

Sijui kama pesa itatoka, lakini ombi limekwenda na sahihi yake.

Nimepanga hivi. Machi hadi Mei lazima mashine isizime hata wiki moja, ili nipate masika ya kuweka kando ya zile 22. Kichwa kikipatikana, nitaazima mashine ya pili miezi miwili nizikimbize pamoja juu ya paa, moja na kichwa, moja bila, nijue tofauti ni kiasi gani kwa vumbi la hapa kwetu badala ya kukisia. Blanki nitaweka moja kila mwezi. Za maloniki na suksiniki hatuna dawa za esta, kaka ChembeNdogo amenitumia ujumbe kwamba nimpelekee nusu za filta kumi kwa kuanzia, naye ataona wapi zinaweza kupimwa. Nitazipeleka mwenyewe kwa basi, kwenye boksi la barafu, sitazipa mtu.

Mwalimu, vijana wako wakipata safari ya kuja huku, waje Jumatatu, saa moja asubuhi, wavae viatu vya kufunga, ngazi ile inateleza.

Kama kuna mtu ana kichwa cha mikromita 10 cha mashine ya zamani, ile yenye filta ya 20 kwa 25, hata kama kimepinda, naomba anitafute. Filta namba 31 iko tanurini, nyuzi 450, inatoka saa kumi.